Mtoto atuiteje?

Kikundi: MAJIRANI KIKWAJUNI BONDENI

Ijumaa usiku

Mama Rahma: Asalam aleykum majirani. Alhamdulillah Rahma kajifungua jana alfajiri, mtoto wa kike kilo 3 na robo, mama na mtoto wazima wote washarudi nyumbani

Batuli: Mashaallah mashaallah!! Hongera sana mama Rahma, Allah amkuze

Salim fundi friji: hongera bibi mpya 🎉

Mwalimu Haji: Allah amjaalie awe mtoto mwema. Hongereni.

Bi Mwanaidi: alhamdulilah mwanangu kesho nakuja kumuona na mafuta ya nazi nimeshakamua mwenyewe usinunue ya dukani

Mama Rahma: Ahsanteni sana. Sasa nna jambo linanisumbua tokea mchana. Leo kaja mama wa mkwe wangu kumtizama mtoto, kampakata tu mara ya kwanza anamwambia "njoo kwa Koko, njoo kwa Koko wako" na mie nimesimama palepale na bakuli la uji wa pilipili manga mkononi, nikanyamaza. Mtoto huyu ndo mjukuu wa kwanza kwetu na kwao. Nambieni nyie, kwenu mabibi na mababu mnawaitaje? na nani anaeamua, maana mie naona kama mwenzangu keshachukua nafasi mie sijafungua hata mdomo

Salim fundi friji: si bibi tu jamani, bibi mzaa mama na bibi mzaa baba, kwani kuna jengine

Batuli: Wewe Salim, ndo useme bibi tu wakati kwenu kuna Bibi wawili na mmoja ana miaka minne 😄

Salim fundi friji: hahaha hilo kweli. Ngoja niwaeleze wasojua. Kaka angu mtoto wake wa kike kampa jina la mama yetu. Sasa wifi yenu hawezi kulitamka jina la mama mkwe wake, hata kumgombeza mtoto hawezi, ataanzia wapi kulitaja jina lile kwa kelele? Basi toka siku ya kwanza anamwita Bibi. "Bibi njoo ule", "Bibi vaa viatu". Na mama nae anamwita Somo. Ukija kwetu ukauliza Bibi yupo wanatoka wote wawili mlangoni, mmoja na bakora mmoja na mwanasesere

Zulekha: Jamani na sie Wahindi wa hapa mtuchukulie hesabu. Kwetu mama mzaa mama ni Nani. Baba yangu Mkumbaro mama yangu Mkumbaro, kwa hiyo upande wa mama una Nani na upande wa baba una Dadi, huna haja ya kusema mzaa nani wala mzaa nani, ukitaja tu mtu keshajua ni upande upi. Kiswahili lazima uongeze maneno

Zulekha: Lakini shida zake mnazijua. Nilivyokuwa mdogo, chuo cha Kurani siku ya kwanza mwalimu kaniuliza, nani kakuleta? Nikamjibu Nani. Akaniuliza tena taratibu, nakuuliza nani aliyekuleta? Nani! Mpaka nikalia, nilidhani hanisikii. Akatoka nje akamuona bibi wa watu kasimama kwenye jua na mwavuli ananisubiri asiondoke nisije nikaogopa. Alinisubiri mpaka chuo kinatoka. Kila siku alikuwa akisubiri, wiki nzima

Batuli: Na mnasema babu mzaa baba anaitwa dada si ndio?

Zulekha: Wahindi wengi ndio, dada. Sie huku tuliacha kwa sababu ukimwita mzee wa ndevu dada mtaa mzima wanageuka. Tukabaki na babu

Batuli: Mie kwetu Mombasa ni nyanya. Nyanya na babu. Nilivyoolewa huku nikisema nampigia nyanya simu hakuna aliyenicheka maana huku mnunuacho Darajani ni tungule. Nilichekwa Dar, ndugu za mume wangu kule nyanya ni ya kuweka kwenye mchuzi, mtoto mmoja kaniuliza kwani bibi yako mwekundu 😂 Na mjue kule kwetu ukisema "bibi yangu" watu wengine wanafahamu mke wako. Kwa hiyo mie bibi lilinipa tabu kulizoea lakini watoto wangu wana Bibi wa hapa na Nyanya wa Mombasa, hawakosei hata siku moja

Mama Rahma: Hilo la Batuli zuri, kila mtu na lake na hawagombani

Mwalimu Haji: Nami nichangie. Nilisoma Khartoum miaka minne. Wasudani bibi wanamwita habboba, na neno lenyewe limetokana na mapenzi, habibi na hubba ni shina hilohilo. Nyumba niliyopanga alikuwepo habboba mmoja, wapangaji wote tulimwita hivyo, wala hatukuwa wajukuu zake. Palestina na Syria wanasema sitti, ndo hilihili la Siti wetu binti Saad, maana yake bibi kwa maana ya mwanamke wa heshima. Na bibi lenyewe halikuzaliwa hapa, ni la Waajemi na Wahindi, limekuja na majahazi likakaa. Ndo mana tunaweza kumwita mtu Bi fulani na wala hana mjukuu. Kwa hiyo Mama Rahma usilione Koko ni geni, haya maneno yote yana safari zake.

Nassor (Muskati): Salaam kutoka Muskati, nimechelewa nilikuwa kazini. Mama Rahma hongera. Hapa upande wa mke wangu watoto wanamwita bibi yao habo. Na mama yangu mie wanamwita Bibi. Lakini sikilizeni, mwanangu mkubwa mpaka anafika miaka mitatu alikuwa anajua Bibi ni mtu wa ndani ya simu. Simu ikilia anakimbia "Bibi! Bibi!" hata akiwa ni mtu wa umeme kapiga. Tulivyokuja Unguja mwaka juzi, uwanja wa ndege mama kafungua mikono, mtoto kasimama anamtizama. Akamsogelea akamgusa shavu na kidole kimoja hivi, kama unavyogusa kioo. Halafu akamwita Bibi kwa sauti ndogo. Mama alilia mpaka watu wakadhani kuna msiba

Zulekha: Wallahi Nassor umeniliza

Bi Mwanaidi: mwanangu nasor mpe salam mkeo. nataka kusema langu mniwie radhi mie naandika pole pole. sie kwetu pemba tulikuwa tunawaita kwa vijiji vyao. bibi wa kojani na bibi wa wete. babu wa wete alikuwepo, wa kojani sikumkuta. bibi wa kojani akija kwa ngalawa na pweza mkavu kwenye kikapu tunamnukia toka yuko mbali na bibi wa wete yeye akitutengenezea mkate wa kumimina. basi ndo hayo majina yao. mpaka bibi wa kojani kafa sikujua anaitwaje. nimelijua siku ya hitima nasikia wanamuombea Time binti Faki nikamuuliza mama angu huyu nani tunaemsomea. kanambia ndo bibi yako. nilikuwa na miaka kumi na moja. mpaka leo najihisi vibaya, nimekula pweza wake miaka yote ile jina lake silijui

Bi Mwanaidi: na nyie vijana waulizeni bibi zenu majina yao kamili na binti nani. msisubiri hitima

Salim fundi friji: kweli Bi Mwanaidi. mie babu mzaa mama najua ni Babu Kombo tu, baba yake simjui. kesho nauliza

Bi Mwanaidi: na jengine, majina yalikuwa yanakwenda na kurudi. sie tukimwita babu yeye akituita mke wangu. babu wa wete akitoka shamba anapiga kelele mke wangu yuko wapi naja na embe. na bibi yeye akiniita mke mwenzangu, ananitania ati nimemuibia mume. mjukuu wa kiume nae ndo mume wa bibi. leo watoto hawataniwi wanashika simu

Abdulhalim: Mama Rahma samahani naingia mwisho lakini hili la Koko mie linanihusu, sie kwa asili Wangazija, watu wa Komoro, na mama wa mkwe wako namjua toka tuko wadogo. Koko ni bibi kwa Kingazija. Nikwambie kitu, wazee wetu walokuja Unguja walikuwa wanazungumza Kingazija ndani ya nyumba, kizazi cha baba kikawa kinasikia lakini kinajibu kwa Kiswahili, mie sijui kitu. Nasikia watu wakizungumza naokota neno moja moja. Ndani ya nyumba yetu nzima limebaki neno moja tu la lugha ile nalo ni koko. Hakuna jengine. Hata salamu hatuna. Kwa hiyo yule mama anapomwambia mtoto njoo kwa Koko hakunyang'anyi kitu dada angu, anamkabidhi mtoto kilichobaki

(Hakuna aliyeandika kwa karibu robo saa.)

Mama Rahma: Abdulhalim ahsante. Sikulijua hilo. Mie nilidhani anaringa, kwamba bibi ni la kizee na yeye anataka jina la kisasa

Mama Rahma: Na mie niwaambie langu maana mshanifungua. Sikuwahi kumwita mtu bibi katika maisha yangu. Mama alinizaa ana miaka kumi na saba, nilipoacha ziwa tu nikapelekwa Mkoani kule Pemba kwa mama yake, ndie alonilea na nilimwita Mama, kwa sababu watoto wake wadogo tulokuwa tukilala kitanda kimoja walimwita Mama. Na mama yangu mzazi walimwita Dada, na mie nikamwita Dada. Akija sikukuu na nguo na viatu nasema Dada kaja. Nilivyofika miaka saba nikaletwa Unguja kusoma, siku ya kwanza nnamwita Dada akanambia kuanzia leo mie Mama na yule Bibi. Kinywa kilikataa. Ilinichukua mwaka mzima kumwita Mama, na lile la Bibi sikuliweza kabisa, nikirudi Mkoani nilikuwa namfata jikoni namvuta kanga nasema "we" "sikiliza" ili nisimwite chochote. Kafariki nipo darasa la sita. Nilikuwa sijamwita kitu miaka mitano

Mama Rahma: Ndo mana nilivyosikia Koko nikashituka. Mie nilikuwa nasubiri hilo bibi. Watu wengine hawalitaki wanasema linawazeesha, mie nna miaka 44 nalitaka

Zulekha: Ya Rabbi. Mama Rahma njoo nikukumbatie

Batuli: Halina mwengine hilo, ni lako. Koko kachukua lake, Bibi lipo limekaa linakungoja wewe

Mwalimu Haji: Allah amrehemu aliyekulea. Mama ulilomwita lilikuwa sahihi, asijekukwambia mtu ulikosea.

Bi Mwanaidi: amin. mkoani ipi mwanangu huenda namjua

Mama Rahma: Ng'ombeni Bi Mwanaidi

Bi Mwanaidi: basi kesho nikija na mafuta utanitajia na binti nani

Jumamosi jioni

Mama Rahma: Asalam aleykum. Leo nimempigia simu mama wa mkwe wangu mwenyewe nikamwambia njoo umuogeshe mtoto. Kaja kakaa kibao cha mbuzi miguu kainyoosha, mtoto kamlaza kwenye miundi, anamsugua na mafuta ya Bi Mwanaidi huku anamwimbia maneno nisoyafahamu, namuuliza ndo nini anasema hata yeye maana yake hajui, Koko wake alikuwa akimwimbia hivyo. Nimemrikodi. Abdulhalim nitakutumia

Abdulhalim: Tafadhali sana nitumie

Mama Rahma: Alipomaliza kamkunja kwenye kanga akanambia "haya mpeleke kwa Bibi" akanipa mie. Mtoto kalala hana habari na mtu

Batuli: ❤️❤️

Salim fundi friji: nimeuliza jamani. Kombo bin Makame bin Vuai. nimeandika nyuma ya kalenda

Bi Mwanaidi: vizuri mwanangu. mama rahma akika ni jumatano? mbuzi mshampata au nimwambie mwanangu wa fuoni

Mama Rahma: Jumatano inshaallah baada ya alasiri. Mwambie tafadhali, tunataka mmoja. Na sufuria kubwa nnaomba ya Zulekha

Zulekha: Ile ya Nani? Ipo, naisugua leoleo