Jicho jekundu lisilotoa tongotongo, mara ya 3 sasa: niende wapi?

FundiKariobangi
Habari zenu wadau. Nashona nguo hapa Kariobangi, nina miaka 33. Tangu mwaka jana jicho la kushoto limegeuka jekundu mara 3. Halitoi tongotongo wala haliwashi, ila linauma kwa ndani kama jino. Mwanga ndio unanimaliza: asubuhi jua likigonga mabati ya jirani nainamisha uso. Juzi nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano, binti yangu akanitungia.

Mara ya kwanza duka la dawa walinipa matone ya kuua vijidudu, hayakusaidia. Mara ya pili wakanipa mengine, baada ya siku 2 jicho likawa jeupe, nikaacha kutia. Halikumaliza wiki, likarudi kali kuliko mwanzo. Leo nimejitazama kwenye kioo, mboni si duara tena, ina pembe. Hii ni nini?

MamaWawili_Kinoo
Pole sana kaka. Hapo pa mboni yenye pembe nimeshtuka, maana yangu ilikuwa hivyo hivyo. Mimi si daktari, lakini naugua uveitisi tangu 2014, na nilipoteza miezi mingi kwa matone ya dukani.

Uveitisi ni uvimbe wa ndani ya jicho. Ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni ikivimba, inaweza kugandana na lenzi iliyo nyuma yake, na mboni inapinda. Usingoje mwisho wa mwezi, nenda kesho. Hospitali ya Kenyatta wana kliniki ya macho, kuna hospitali ya macho ya Lions SightFirst kule Loresho, na hospitali ya PCEA Kikuyu. Usiseme tu "jicho jekundu". Sema linauma, mwanga unaliumiza, naona ukungu, mboni imepinda.

Watakuweka kidevu kwenye mashine na kukumulika kwa mwanga mwembamba kama wembe. Daktari wangu alinieleza anachotafuta: chembe zinazoelea ndani ya jicho, kama vumbi unaloliona jua likipenya tundu la bati. Muuzaji wa duka hawezi kuziona hizo hata awe na nia njema kiasi gani.

Ukipewa matone ya steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe, ulizia kama chupa inatakiwa kutikiswa; yangu hutikiswa kila mara. Mwanzo nilitia kila saa, kisha tukapunguza polepole kwa wiki kadhaa. Kuacha ghafla ndiko kunakolirudisha, na naona ndilo lililokupata. Na tafadhali usijinunulie. Dawa hizo zinaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na kama chanzo ni virusi vya hepesi zinaweza kukuharibia kioo cha mbele cha jicho.

Jambo moja kwa kazi yako: kuna matone ya kupanua mboni ili kuibandua. Ukitiwa atropini, mojawapo ya matone hayo, kuona kwa karibu kunaweza kupotea kwa siku kadhaa, hata zaidi ya wiki. Usichukue oda ya harusi wiki hiyo, na uwe na mtu wa kukushika mkono mkirudi na matatu.

Muuguzi_Macho
Mama ameeleza vizuri. Naongeza swali, kaka: mgongo wa chini hukukaza asubuhi, kisha ukalegea ukianza kutembea? Kuna ugonjwa wa viungo vya uti wa mgongo unaoandamana na uveitisi, hasa kwa vijana, na mtu huenda kliniki 2 bila yeyote kuunganisha mambo. Ukiambiwa upime TB, kaswende na Ukimwi, usione umedharauliwa. Yote hayo yanaweza kuvimbisha jicho kwa ndani, na tiba ya kila moja ni tofauti.

FundiKariobangi
Mgongo! Miaka 4 nimelaumu cherehani. Asubuhi siwezi kuinama kufunga viatu, ikifika saa 4 nimesahau kabisa. Asanteni sana, kesho natoka na gari la kwanza.

FundiKariobangi
Nimerudi kuwaambia. Ni uveitisi kweli. Mboni imebanduka upande mmoja, upande wa pili daktari anasema tungoje. Presha ya jicho iko sawa. Damu imechukuliwa, nimepigwa picha ya kifua na ya nyonga, na nimeandikiwa barua ya kwenda kwa daktari wa viungo. Nikitazama karibu sioni kitu, kama mama alivyosema. Binti yangu ametunga sindano 12, kila moja na uzi wa rangi yake, amezichomeka kwenye mto mdogo mezani zinisubiri.