Mchicha na mnavu Minneapolis: nianze lini kuandaa bustani?

Mama Tausi
Habarini wapendwa. Naomba ushauri jamani, tumehamia nyumba mwezi wa 10 huku Minneapolis, nyumba ya zamani ile ya mbao, nyuma kuna nyasi tupu na sasa theluji imeyeyuka naona udongo mweusiii mpaka mikono inawasha. Mama mkwe anakuja mwezi wa 6 kutoka Morogoro na yule bila mboga za majani hajala. Nina mbegu za mchicha, mnavu, sukuma, giligilani na kunde. Leo jua limewaka watoto wametoka bila makoti nikashika jembe, baba Tausi akasema ngoja kwanza. Sasa ningoje nini? Na hizo nyasi nazitoaje?

mkulima_wa_baridi
Mnunulie shemeji soda, yuko sahihi kabisa 😂 Jua la mwezi wa 3 Minnesota ni tapeli, jalidi (ile barafu ya usiku inayounguza mimea) bado inaweza kupiga mpaka katikati ya mwezi wa 5. Halafu udongo wenyewe una maji ya theluji, ukilima sasa unaushindilia na ukikauka utagonga mabonge mpaka mwezi wa 7. Jipimie mwenyewe, chimba kidogo, chukua udongo ubane kwenye ngumi kisha uguse kwa kidole, ukisambaratika chukua jembe, ukibaki donge na kiganja kimelowa rudi ndani ukanywe chai.

Ila kuna kazi ya ndani ya kufanya sasa hivi. Mnavu sia leo kwenye vikopo, funika na udongo kiduchu tu maana mbegu zake ndogo mno na zinachelewa kuota. Sukuma nayo sia ndani, hiyo haiogopi baridi, mwisho wa mwezi wa 4 inatoka nje na jalidi ndogo haiiui. Giligilani mwaga nje mapema tu udongo ukikauka, ukisubiri joto na siku ndefu za mwezi wa 6 inakimbilia kutoa maua hujala kitu. Mchicha na kunde hizo ni za joto, usiziguse mpaka wiki ya mwisho ya mwezi wa 5. Hata hivyo mchicha ni wiki 4 mpaka 6 unachuma, bibi ataukuta au ataupalilia mwenyewe.

nyanya_wa_StPaul
Dada salama? Hujaambiwa kitu muhimu. Hiyo nyumba ilijengwa mwaka gani? Hapa Amerika rangi za nyumba zenye madini ya risasi (hayo ni sumu) zilipigwa marufuku 1978, kwa hizi nyumba za mbao za zamani rangi imekuwa ikibambuka ikianguka chini miaka na miaka, na mchanga wa karibu na ukuta ndio huwa mbaya zaidi. Una watoto, so usibahatishe. University of Minnesota wako na maabara ya kupima udongo, unachota kidogo kidogo sehemu tofauti za shamba, unachanganya unawatumia, lakini lazima uombe kipimo cha risasi, usipoomba watakupimia rutuba tu. Wakati unangoja majibu usipande chochote karibu na ukuta. Ikipatikana iko juu, tengeneza masanduku ya mbao ujaze udongo wa kununua. Managu (huo mnavu wako) inakubali sana kwa sanduku.

Babu Seedi
Masanduku sawa kama vipimo vikiwa vibaya, ila vikiwa vizuri usitupe hela, kuyajaza udongo wa dukani si mchezo. Nyasi hizo zifunike maboksi ya kawaida yasiyo na rangi za kung'aa, toa gundi ya plastiki, yalowanishe yapandane yasiache upenyo, juu weka mboji. Ukifunika sasa hivi mwezi wa 5 nyasi zimedhoofika, unatoboa tundu unapandikiza mche.

Kingine, usichague sehemu kwa jua unaloliona leo. Miti sasa haina jani hata moja kwa hiyo uwanja wote unaonekana una jua, subiri mwezi wa 6 utashangaa kivuli. Tafuta ile sehemu isiyo na mti upande wake wa kusini.

Na ukipewa samadi ya farasi ya bure uliza walikula nyasi gani. Kuna dawa za magugu zinapita tumboni mwa mnyama na kubaki kwenye samadi. Panda maharage kwenye kikopo chenye hiyo samadi, majani yakijikunja warudishie.

Mama Tausi
Asanteni sana jamani, nyumba ni ya 1924 kwa hiyo kesho natafuta hiyo maabara 🙏 Swali la mwisho, vikopo nikiweka dirishani si inatosha?

mkulima_wa_baridi
Dirisha la mwezi wa 3 haliwatoshi miche wako, watarefuka wembamba wakilifuata jua mpaka walale chini. Nunua taa ya kawaida nyeupe ya LED, ining'inize karibu kabisa na miche, upana wa kiganja hivi, iwake masaa 14 mpaka 16 kwa siku, usiku izime. Na mwezi wa 5 usiwatoe nje ghafla, siku ya kwanza kwa saa moja au mbili tu kivulini, unaongeza taratibu kama wiki nzima, wakizoea upepo ndio unapandikiza. Halafu andaa wavu mapema, sungura wa huku wanaipenda sukuma kuliko bibi.