Naombeni ushauri, tunataka kumpeleka mzee akacheze gofu pwani, tunatokea Moshi

BintiWaMoshi
Habari wadau, naombeni msaada. Mzee wetu anastaafu mwaka huu na ni mtu wa gofu toka sijaanza shule, Jumamosi hakosi Moshi Club kwenye yale mashimo 9, akitoka hapo basi ni Gymkhana Arusha au Kili Golf pale Usa River. Miaka yote anasema anatamani kupiga mpira huku anaisikia bahari. Sisi watoto tumechanga, tunampeleka na mama siku 6, tupo sita na tuna Noah. Tulipanga Pasaka sababu wote tuna likizo. Zanzibar au Mombasa? Na lile joto si litamchosha?

baba_njiro
Dada Pasaka msiende. Hiyo ni masika, na kule Aprili na Mei ndo mvua yenyewe, uwanja unalowa mzee anaishia kukaa barazani hotelini. Nendeni Septemba kusi ikiwa imeanza kupungua, Januari na Februari pia kukavu ila jua la kaskazi kwa mtu mzima ni kali mno.

Zanzibar nzuri kwa mama, ila gofu ni mashimo 9 ya pale Sea Cliff, siku 6 ni nyingi. Kenya kuna Leisure Lodge Diani mashimo 18, Nyali 18, na ukiwa unaenda Kilifi kuna Vipingo Ridge, huo ni uwanja wenye ithibati ya PGA, chama cha wachezaji gofu wa kulipwa, na mibuyu mikubwa wameiacha humo humo katikati ya mchezo. Aliyeuchora ni David Jones, ndo huyo huyo aliyechora Kili Golf, mzee atautambua mkono wake.

fimbo_namba7
Shikamoo kwa mzee. Mwambieni mapema kwamba mpira kule hauendi. Sisi Arusha tupo kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi, kule chini hewa ni nzito inaukaba mpira. Mimi siku ya kwanza Nyali nilipiga fimbo namba 7 toka umbali ule ule ninaofikaga huku kila wiki, mpira ukadondoka kwenye mchanga kabla hata ya kufika kijani, pale kwenye nyasi fupi penye shimo, nikarudia tena shimo lililofuata ikawa vile vile, mpaka kedi, yule mbeba fimbo, akaniambia kaka ongeza fimbo moja, yaani shika inayopiga mbali zaidi, na upepo ukitoka baharini ongeza mbili. Kutokea hapo nilimsikiliza yeye tu. Moshi mko chini kuliko sisi kwa hiyo tofauti haitakuwa kubwa hivyo, ila ataiona.

Joto ni kweli. Glavu yangu ilikuwa imelowa chapachapa shimo la tatu, fimbo inateleza mkononi, ikabidi niwe naianika kwenye begi nacheza mkono mtupu. Mbebeeni glavu tatu na taulo, aanze saa 12 na nusu asubuhi, saa 4 awe ameshakaa kivulini na dafu lake.

mama_himo
Njia ni Holili mnaingia Taveta, Mwatate, Voi, lami yote. Ila msipite usiku, pale katikati ni ndani ya Tsavo Magharibi na tembo wanavuka barabara. Pasipoti za wote, kadi ya gari iwe na jina la mmoja wenu, na bima mkate ile kadi ya njano ya COMESA. Kama mnalala Diani msihangaike na feri ya Likoni, shikeni barabara ya Dongo Kundu inawatoa moja kwa moja upande wa kusini.

Na pigeni simu uwanjani wiki moja kabla. Sisi tulifika uwanja mmoja huko tumeshalipa hoteli, tukakuta kuna mashindano siku mbili nzima, mume wangu alirudi na begi la fimbo hajalifungua. Iliniuma sana.

baba_njiro
Halafu nimerudi kusoma ulivyoandika, kwamba anataka aisikie bahari. Basi hapo mjue kitu, uwanja wa Leisure Lodge upo ng'ambo ya barabara na ufukwe, na Vipingo bahari unaiona kwa mbali toka kilimani. Ninaoujua mimi wa bahari yenyewe ni ule wa zamani, Mombasa Golf Club, karibu na mnara wa taa mwisho wa Mama Ngina. Ni mashimo 9 tu na sio wa kifahari, ila uko juu ya jabali, meli za Kilindini zinapita pale chini unaziona mpaka watu walioko juu.

BintiWaMoshi
Jamani asanteni mno, nimemsomea kaka mpaka machozi yamenilenga. Tumehamisha, tunaenda Septemba, Diani siku tatu, Vipingo siku moja, na siku ya mwisho asubuhi tunampeleka hapo kwenye mnara wa taa. Mashimo 9 kama ya nyumbani. Kesho nawapigia simu niulize tarehe za mashindano. Mzee bado hajui chochote, tutamwambia tukishafika Holili.