Ramani za setilaiti zinatosha kujua msitu umeharibiwa na nini?

mdau_mpya:
Habari wakuu, nina kazi ya kuandaa mpango wa kufuatilia uharibifu wa misitu nchi nzima pamoja na visababishi vyake. Ramani za upotevu wa miti zipo bure mtandaoni, ukifungua ni madoa mekundu kila kona. Sasa doa ni shamba jipya, moto, au miti ya kupandwa imevunwa tu na itapandwa tena? Na pasipo na doa ndo tuseme msitu uko salama?

mpima_visiki:
Hapana mkuu, hapo pasipo na doa ndo pa kuogopa. Msitu kufyekwa ukawa shamba ni jambo moja, msitu kuchakaa ni jingine. Kwa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, msitu unaanzia nusu hekta, miti ya kufika mita 5 na majani yanayofunika zaidi ya asilimia 10 ya eneo, kwahiyo ukikatwakatwa kutoka asilimia 80 hadi 15 bado kwenye takwimu ni msitu! Inaniuma sana hii. Nimekuwa kwenye timu za kupima viwanja vya sampuli, picha inaonyesha kijani tupu, mkiingia ndani mnakuta kisiki bado kinatoa utomvu, unga wa msumeno umelowa na umande, na mbele kidogo duara jeusi la tanuru la mkaa. Pikseli (kinukta kimoja cha picha) ya setilaiti za Landsat ni mita 30 kwa 30, mti mmoja ukiondoka matawi ya jirani yanaziba pengo.

ramani_na_rada:
Naongezea. Picha zenyewe zipo, Landsat ni bure tangu 2008, setilaiti za Sentinel-2 zina pikseli ya mita 10 na zinapita kila siku 5, kukiwa na mawingu tumia rada ya Sentinel-1. Ila usihesabu pikseli za ramani ukasema hilo ndo eneo lililopotea, ramani ina makosa, chagua pointi kwa bahati nasibu, watu wazikague moja moja kwa macho na waandike chanzo wanachokiona. Halafu taarifa imfikie mtu wa kuchukua hatua. Brazili wana PRODES, mfumo wa kupima ufyekaji wa Amazon kwa setilaiti, tangu 1988 lakini inatoa hesabu ya mwaka, 2004 wakaanzisha DETER ya kutoa tahadhari mapema kwa wakaguzi, na pamoja na hatua nyingine ufyekaji Amazon ukashuka kutoka kilomita za mraba 27,772 mwaka huo hadi 4,571 mwaka 2012.

mdau_mpya:
Asanteni sana. Kwenye chanzo, fomu tuliyonayo ina nafasi ya kujaza kimoja tu, inatosha?

mpima_visiki:
Haitoshi, ibadilisheni kabla hamjaenda porini. Mara nyingi inaanza barabara ya kutolea magogo, wanafuata wachoma mkaa kumalizia yaliyobaki, moto unapita, mwishoni mtu analima, wewe ukifika mwaka huo unaandika "kilimo" na wa kwanza wote wamepotea. Wekeni nafasi ya chanzo cha kwanza, cha pili na cha tatu, na muulizeni anayeishi karibu ni kipi kilitangulia. Na mahitaji ya mkaa mjini au bei ya mazao hutayaona kwenye setilaiti yoyote, hayo tafuteni sokoni na kwenye kaya.

mdau_mpya:
Basi naanza na hiyo fomu kesho asubuhi, nikikwama narudi hapahapa.