Vigaga juu ya kwato za farasi vinazidi licha ya kuosha kila siku

Mfugaji_K
Wakuu, naomba msaada. Farasi wangu ana vigaga kwenye kikunjo cha nyuma, kati ya kifundo na kwato, miguu yote miwili ya nyuma. Chini ya vigaga kuna majimaji ya njano na nywele zinang'oka kwa vishungi. Mguu haujavimba na hachechemei, ila ukimgusa hapo anavuta mguu. Malishoni kuna matope, kwa hiyo kila akirudi namwosha kwa mpira wa maji kisha nampaka mafuta ya mgando. Hali inazidi. Nakosea wapi?

Mtunza_Kwato
Ndugu, kinachoharibu zaidi ni hilo bomba na hayo mafuta. Ngozi ikikaa na maji muda mrefu hulainika, punje za mchanga zinaikwaruza, na bakteria wanapata mlango. Anayehusika mara nyingi ni Dermatophilus congolensis. Huyu anaweza kukaa kimya kwenye ngozi ya farasi bila dalili yoyote. Unyevu ndio unaomwamsha, na asipopata ngozi iliyochubuka hana pa kuingilia. Mafuta ukiyapaka juu ya ngozi mbichi unafungia maji ndani pamoja na vijidudu.

Fanya hivi. Nyoa nywele za eneo lote kwa mashine, usitumie wembe, maana wembe unaongeza mikwaruzo. Vaa glavu; ugonjwa huu unaweza kumpata binadamu. Chukua sabuni ya klorheksidini ya 2%, au kama unayo ya 4% changanya na maji kiasi sawa. Loweka pamba kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni hiyo, ishikilie juu ya vigaga hadi vilegee, kisha sugua taratibu kwa vidole. Kinachotoka chenyewe kitoe. Kilichong'ang'ania kiache hadi kesho, usikibandue kwa nguvu: utamuumiza mnyama, utapata kidonda kipya, na safari ijayo hatakubali umshike mguu. Vigaga vilivyotoka vitupe kwenye taka, visibaki bandani, kwa sababu bado vina bakteria.

Baada ya hapo paka povu jipya na uliache dakika 10 kamili, ukiangalia saa. Watu wengi wanapaka na kusuuza papo hapo, halafu wanalalamika kwamba dawa haifanyi kazi. Suuza hadi povu liishe kabisa, kwani mabaki ya sabuni nayo yanawasha. Kausha kwa taulo safi kwa kukandamiza, bila kusugua, na fungua mikunjo kwa kidole uhakikishe hata ndani pamekauka. Hapo ndipo kazi kubwa ilipo. Kama huna uwezo wa kukausha vizuri siku hiyo, ni bora usimwoshe.

Rudia kila siku kwa siku 5 hadi 7, kisha punguza iwe mara mbili kwa wiki hadi ngozi iwe laini. Ukiendelea kuosha kila siku baada ya hapo, unamaliza mafuta ya asili ya ngozi na mipasuko inarudi. Usitumie haidrojeni peroksaidi, inaua nyama mpya inayoota. Wala usifunge bendeji juu ya ngozi yenye unyevu.

Mfugaji_K
Asante sana mkuu. Sasa matope nifanyeje akirudi, kama nisimwoshe?

Zizi_Kavu
Mwache kwenye sakafu kavu, matope yakauke, ndipo uyatoe kwa brashi laini. Usipitishe brashi juu ya vidonda, na brashi na taulo yake visiguse farasi mwingine. Krimu ya kinga yenye zinki inafaa, ila ipakwe kabla hajatoka, kwenye ngozi safi na kavu.

Matope yenyewe yashughulikie kwenye chanzo. Huwa mazito getini na kwenye birika la maji, kwa sababu farasi husimama hapo muda mrefu. Chimba, elekeza maji pembeni, mwaga kokoto, kisha changarawe laini juu yake. Kokoto zenye ncha zikiachwa wazi zinaumiza nyayo. Kagua na banda pia: matandiko yaliyolowa mkojo yanatoa amonia, nayo inachoma ngozi ileile unayoitibu.

Jambo lingine: je, anapiga miguu chini au kujing'ata, hasa usiku? Kama ndiyo, fikiria utitiri aina ya Chorioptes, unaopenda farasi wenye manyoya mengi miguuni. Klorheksidini haitamaliza utitiri. Daktari akikwangua ngozi kidogo na kuangalia kwa hadubini atauona. Ukithibitika, farasi wote wanaokaa pamoja watibiwe kwa wakati mmoja na matandiko yaondolewe yote, kwa sababu unaweza kuishi nje ya mwili kwa wiki kadhaa. Sindano au dawa ya kunywesha peke yake mara nyingi haitoshi, kwani utitiri huu unakaa juu ya ngozi.

Mfugaji_K
Hapigi miguu. Ila nimekumbuka kitu: miguu ya nyuma yote miwili ni meupe. Ya mbele ni myeusi na haina hata kigaga kimoja, ingawa matope ni yaleyale.

Daktari_wa_Mifugo
Hilo ulilolikumbuka ni muhimu sana, usilipuuze. Ngozi isiyo na rangi ni dhaifu mbele ya matope, kwa hiyo inawezekana bado ni ugonjwa huohuo. Lakini angalia mpaka wa nyeupe na nyeusi. Vidonda vikikomea hapohapo kana kwamba vimepigiwa mstari, jua linaweza kuwa sehemu ya tatizo. Tazama na pua: kama ina baka jeupe nalo limekuwa jekundu au linabanduka, shaka inaongezeka.

Chanzo cha ngozi kuunguzwa na jua hivyo kinaweza kuwa mmea alioula, kwa mfano aina fulani za klova, au ini lisilosafisha damu ipasavyo. Omba kipimo cha damu cha vimeng'enya vya ini, hasa GGT. Wakati unasubiri majibu, mchana akae kivulini na alishwe nyasi kavu safi. Upo pia uvimbe wa mishipa midogo ya damu unaoshika miguu meupe: unauma sana kuliko kuwasha, na kusugua vigaga kunauzidisha. Kwa hiyo kabla hujaanza kusugua, mpigie daktari wako aje aone mguu.

Usisubiri hata siku moja kumwita daktari kama mguu utavimba kupanda juu ya kifundo, akianza kuchechemea, au joto la mwili likipita nyuzi 38.5. Hapo maambukizi yameingia chini ya ngozi, na sabuni haifiki huko, anahitaji antibayotiki.