Nyinyi wauzaji wa magurudumu ya modeli za treni, "12 mm" ni ya nini hasa?

Wadau, huu upuuzi umezidi hapa Nairobi. Kila tangazo: "Magurudumu ya dizeli, 12 mm, saizi halisi." Milimita 12 za nini? Kipenyo? Upana wa njia, yaani nafasi kati ya reli mbili? Bei imeandikwa hadi shilingi ya mwisho, vipimo hakuna.

Tupige hesabu basi. Vichwa vya treni vya dizeli vya SGR (reli mpya), DF8B ya mizigo na DF11 ya treni ya abiria ya Madaraka Express, vina gurudumu la 1,050 mm. Kwa skeli ya 1:87 (modeli ndogo mara 87) hiyo ni 12.07. Sawa, hapo 12 ni kipenyo, na ekseli yake ni ya njia ya 16.5 mm. Sasa njoo kwa reli ya zamani ya mita moja: 1,000 gawanya kwa 87 ni 11.5, na modeli zake hukimbia kwenye njia ya 12 mm. Hapo 12 ni upana wa njia! Mwenye modeli ya SGR anapelekewa ekseli fupi isiyokaa kwenye reli zake, wa reli ya zamani anapelekewa magurudumu ya SGR, na wote wawili wameahidiwa "saizi halisi".

Halafu kuna wanaopimia ukingoni, yaani ile duara iliyochomoza kulizuia gurudumu lisitoke kwenye reli. Kipenyo hupimwa pale gurudumu linapokanyaga reli, jameni. Ukingo wa 0.6 mm huongeza 1.2 pande zote mbili, kwa hivyo hiyo "12" yako ni 10.8. Kichwa cha treni kinashuka 0.6 mm na kapla (viunganishi) zake hazikutani na za mabehewa.

Kusema kweli, tofauti ya 0.2 au 0.3 kwenye kipenyo sigombani nayo. Hata magurudumu ya treni kubwa hukerezwa yakiisha, yanapungua. Kinachoharibu sura ni upana wa gurudumu lenyewe. Gurudumu la modeli la 2.79 mm, ukilikuza mara 87, ni sentimita 24. La kweli ni kama 14. La 2.24 linapendeza zaidi, ila kwenye pointi (pale njia zinapogawanyika) za zamani zenye mianya mipana litatumbukia. Na ukingo ukipita 1 mm kwenye reli za kimo kifupi za kodi 70 (inchi 0.070), unatwanga vishikio vya reli tak tak tak njia nzima.

JIBU: Kwenye orodha yako weka pia nafasi ya mgongo kwa mgongo, yaani kati ya nyuso za ndani za magurudumu mawili ya ekseli moja. Kwa njia ya 16.5 iwe kama 14.4 mm. Ikizidi, ukingo unagonga ncha ya pointi. Ikipungua, migongo inabana reli ya ndani (ya kuongoza gurudumu kwenye pointi) na gurudumu linapanda. Pima kwa kalipa sehemu tatu ukizungusha, maana ekseli iliyopinda hujificha ukipima mara moja.

JIBU LA MWENYE UZI: Kweli kabisa. Na waseme kihami (kinachozuia umeme kupita) kiko gurudumu gani. Ekseli moja ikigeuzwa kwenye bogi ni shoti papo hapo, kisha mteja anaambiwa mota yake ndiyo mbovu.