Wenye vipele vya "ngozi ya kuku" mikononi, wekundu mmeupunguzaje? Tupeane uzoefu

Wakuu salama? Nina vile vipele vidogo nyuma ya mikono na mapajani tangu nipo darasa la sita, ukipitisha kiganja ni msasa kabisa. Daktari wa ngozi akaniambia ni keratosisi pilarisi, keratini (ile protini ngumu ya ngozi) inaziba matundu ya vinyweleo, haiambukizi na mara nyingi ni ya kurithi (kweli, mama anayo na dada anayo). Vipele nimeshavizoea jamani, kinachonikera ni wekundu, nikivaa mikono mifupi lazima mtu aulize umeungua na nini. Nyie mmefanyaje?

Msasa
Kama una dodoki litupe leo leo. Nilikuwa nasugua mpaka panawaka nikijua nang'oa, kumbe ule wekundu ni ngozi imevimba kuzunguka kinyweleo, ukisugua ndo unachochea. Halafu usitumbue! Siku moja nilibinya kimoja kwa kucha, kikatoka kipunje cheupe kigumu na ndani kaunywele kamejikunja kama springi, nikaona raha nikaendelea, nikatumbua kama ishirini hivi, vyote vikaacha madoa, miezi minne nashinda na mikono mirefu.

Mama Pacha
Mimi ni losheni ya yurea (inayolainisha ngozi ngumu) asilimia 10 isiyo na manukato, napaka ngozi ikiwa bado na unyevu nikitoka tu kuoga, na maji ya moto nimeacha. Wiki ya sita hivi ndo nikaona wekundu umetulia. Ila ukiacha vinarudi, hii ni kama kupiga mswaki. Kipindi cha hewa kavu napaka mara mbili.

Kahawia
Sisi weusi, huo wekundu wala hatuuoni vizuri, kwetu inakuja zambarau au kahawia, ndo maana mtu anadhani ni madoa tu. Mimi nilijipaka krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi) ya kuazima, wiki ya kwanza safi, nikaendelea miezi, ngozi ikawa nyembamba hadi mishipa inaonekana. Sasa hivi natumia asidi azelaiki, dawa ya kupaka niliyoandikiwa na daktari, taratibu lakini inakwenda, na mafuta ya kukinga jua siachi.

Nimechoka
Nilipigwa leza ya mishipa ya damu, mara tatu. Wekundu umepungua kweli, vipele viko palepale. Mwenye ngozi nyeusi aulize kwanza, inaweza kuacha mabaka.

Mwanzisha mada
Asanteni, dodoki limeshaenda. Mama Pacha, hiyo yurea nipake na mashavuni? Huko navyo vipo.

Mama Pacha
Usoni anza na ya asilimia ndogo mdogo wangu, na ujaribu sehemu ndogo kwanza chini ya taya. Mimi sikujaribu, nilijipakaza yote usiku, asubuhi nina kikao, sura nyanya.